Neno NA Linapotoweka: Orodha ya Msamiati wa Chasu Ndani ya Kompyuta

Tangu Ernst Kotz alipochapisha sarufi yake ya Chasu kwa Kijerumani mwaka 1909, lugha hii ya Wapare imewafikia wanaisimu wengi kwa njia ya karatasi. Siku hizi msamiati uliokusanywa, kwa mfano, katika kata ya Vudee wilayani Same, hupitia kompyuta kabla ya kuchanganuliwa. Aghalabu huhifadhiwa katika faili la CSV, yaani matini ya kawaida ambamo kila mstari ni ingizo moja na mkato hutenganisha safu nne: Chasu, Kiswahili, Kiingereza, mahali.

Ugumu huanzia kwenye mkato wenyewe. Mahali pakiandikwa Vudee, Same, mashine huhesabu safu tano. Pandas, programu ya kuchakata data aliyoanza kuiunda Wes McKinney mwaka 2008, ikikuta kila mstari umezidi hivyo, huifanya safu ya kwanza kuwa lebo za mistari na kuzisogeza zilizosalia. Chini ya kichwa cha Chasu husomeka Kiswahili, wala onyo halitolewi. Ukizidi mstari mmoja tu wa katikati, usomaji husimama na mstari hutajwa kwa namba, jambo lililo afadhali mno. Dawa imo katika waraka wa RFC 4180 wa mwaka 2005: sehemu yenye mkato ifungwe kwa alama za mtajo, "Vudee, Same", bila nafasi kabla ya alama ya kufungua.

Hila iliyo kubwa zaidi imo katika neno dogo. Mkusanyaji akiandika vidahizo kwa herufi kubwa, NA ya Kiswahili haisomwi kuwa neno. Pandas huidhania kuwa kifupisho cha Kiingereza kinachoonyesha kuwa jibu halipo, ikaacha pengo. Na hesabu ya marudio ya maneno, kwa kawaida yake, huyaruka mapengo. Hivyo mojawapo ya maneno yanayotumika sana katika Kiswahili hutoweka, na jedwali likaonekana safi. (Kwa herufi ndogo, na haiguswi.) Msomaji wa faili hana budi kuamuru keep_default_na=False.

Ritifaa nayo ina yake. Programu za kuandikia mara nyingi huipinda, na katika Unicode iliyonyooka ni U+0027, iliyopinda ni U+2019; ng'ombe mmoja akahesabiwa wawili.

Mzee aliyetoa neno huko Vudee huenda asipatikane mara ya pili. Kwa hiyo mistari ya faili huhesabiwa kabla na baada ya kupakiwa, mapengo hutafutwa, na daftari la nyanjani halitupwi.