Uta Uliovishwa Ngozi ya Nyoka

Sisi watu wa Pwani si wageni wa uta. Wasanye, au Waata kama wanavyojiita wenyewe, waliwinda ndovu katika nyika ya nyuma ya Malindi kwa mata mazito mno. Miongoni mwa yale yaliyokamatwa Tsavo miaka ya 1950, yapo yaliyopimwa yakaonekana kuwa kuyavuta kwataka nguvu za ratili 100 na zaidi. Mata hayo yalikuwa ya mti mtupu. Basi nilipoonyeshwa mjini Nakuru uta uliovishwa ngozi ya chatu, na mwuzaji akaniapia kwamba ngozi ndiyo iupayo mshale mbio, nilimwomba aniazime siku mbili, nikamwekea rahani ya fedha, nikaenda kutafuta mwenye kujua.

Kwanza, ndugu msomaji, tuuelewe uta wenyewe. Unapovutwa, upande wa nje, ule unaomtazama mnyama, hunyooshwa. Na upande wa ndani, unaomtazama mpigaji, hubanwa. Uta ukivunjika, aghalabu huanzia nje: kibanzi chembamba huinuka, na ufa ukakifuata. Ndiyo sababu mataifa mengine yakautia mgongo. Waturuki walitengeneza uta wa pembe kwa ndani, mti katikati, na kano za mnyama kwa nje, vyote vimegandishwa kwa gundi. Uta wa namna hiyo waweza kuwa mfupi wa kutumiwa juu ya farasi, na nguvu zake zisipungue. Juu ya kano wakafunika ngozi nyembamba au gome la mti, maji yasiifikie gundi. Na huko Marekani wako mafundi ambao hata leo hufunika kano kwa ngozi ya yule nyoka mwenye kayamba mkiani. Tazama vizuri: kazi yafanywa na kano. Ngozi ni nguo tu.

Uta wa kwetu Afrika Mashariki, kwa kawaida, hauna kano wala pembe. Ni mti mmoja uliochongwa. Ukiubandika ngozi ya nyoka, umeuvisha nguo pasipo kitu cha kufunikwa. Ngozi ile ikishakauka ni nyembamba kama karatasi, nayo haina mvuto wa kano wa kurudi kwa nguvu. Ugumu wa mti, kwa upande mwingine, hufuata unene kwa namna ya ajabu: unene ukizidi mara mbili, ugumu huzidi mara nane. Kwa hiyo fundi akikwangua mti kidogo tu kwa kisu, amebadilisha uta kuliko ngozi yoyote itakavyoubadilisha.

Je, ngozi yadhuru? Yadhuru kidogo, na inategemea mahali. Upote ukiachiwa, ncha mbili za uta ndizo ziendazo mbio kuliko sehemu nyingine zote. Kila uzito ulioko nchani hula nguvu ambazo zingekwenda kwenye mshale. Ngozi ya nyoka ni nyepesi, na hasara yake mkono hauihisi. Lakini gundi nene, au ngozi ya mbuzi yenye manyoya iliyozungushwa hadi ncha, hiyo huufanya uta uwe mzito wa kurudi. Penye mshikio, funga utakacho, maana hapo hapaendi kokote.

Yule niliyemtafuta nilimpata upande wa Mariashoni, katika msitu wa Mau, kwenye baridi ambayo mtu wa Mombasa haizoei. Ni mzee wa Kiogiek, watu wa asali na uwindaji. Nilimwamkia, nikampa uta. Hakuisifu ngozi. Aliugeuza, akaukunja polepole karibu na sikio lake kama anayesikiliza, kisha akaniuliza, "Hii ngozi imeficha nini?"

Nikasema labda ni pambo tu.

"Kijana, mimi nikinunua ng'ombe sitaki aliyevaa kanzu," akasema, akiitazama kanzu yangu, na wajukuu wake wakacheka.

Hoja yake ilikuwa nzito kuliko zote nilizozisikia Nakuru. Mwindaji huusoma mti: mishipa yake imekwendaje, kuna fundo wapi, ufa mdogo umeanza lini. Ngozi ikibandikwa, husomi tena. Nilimwuliza habari ya unyevu, kwani Mau ni nchi ya mvua na ukungu, na ngozi huzuia maji. Akanijibu kwamba hapa imezuia upande mmoja tu, na ule mwingine uko wazi. Yeye huupaka wake mafuta pande zote.

Tena mbio za mshale si jambo kubwa kwao. Katika msitu mzito mnyama hupigwa kwa karibu, na mshale una sumu ipikwayo kwa mti wa msunguti mpaka iwe nyeusi kama lami. Sumu hiyo huushika moyo. Kitakiwacho ni kunyata.

Msomaji wa Pwani ataniuliza pia habari ya tohara. Ngozi hizi nilizoziona zimekaushwa tu, hazikudabighiwa. Mwenye kujali awaulize wanavyuoni kabla hajautundika uta ukumbini. Na sheria ya serikali nayo iko. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na sheria ya wanyamapori ya 2013 inamtia hatiani mtu aliye na ngozi ya mnyama wa mwitu bila kibali. Nilimrudishia mwuzaji uta wake kabla ya kupanda basi.

Waogiek wenyewe walipewa haki na Mahakama ya Afrika, Arusha, tarehe 26 Mei 2017, katika kesi ya ardhi yao ya Mau, na mwezi Juni 2022 ikaamuliwa walipwe fidia. Hata hivyo Novemba 2023 wengine walibomolewa nyumba upande wa Narok. Wajukuu wa yule mzee wanajua kutundika mizinga, lakini hakuna hata mmoja aliyewahi kuchonga uta. Wake ameuning'iniza juu ya jiko, penye moshi, wadudu wasiutoboe.