Fahamu: Kutoka Dilolo hadi kitivo cha sheria

Kijana wa Dilolo, mkoani Lualaba, DRC, anayetaka kusomea sheria, iwe Kolwezi au Lubumbashi, lazima kwanza ashinde mtihani wa taifa, EXETAT. Bila diploma yake, chuo kikuu hakimpokei.

Mtihani ukoje?
Huanza na insha, Kifaransa cha kuzungumza na sehemu ya vitendo. Kisha hufuata siku 4 za maswali ya kuchagua jibu: maarifa ya jumla, sayansi, lugha na masomo ya mchepuo. Kushinda ni kupata angalau asilimia 50.

Aliyeanguka afanye nini?
Anaweza kurudi darasani, au kujiandikisha kama mtahiniwa wa kujitegemea, ambaye hupitia kwanza mtihani wa awali.

Ajiandae vipi?
Wengi huzungumza Kichokwe, Kilunda au Kiswahili nyumbani, ilhali insha ni ya Kifaransa. Anayerudia aandike insha moja kila wiki, saa ikiwa mezani, kisha mwalimu aisahihishe. Afanye pia maswali ya miaka iliyopita, na kwa kila kosa aandike kando sababu yake.

Kwa nini kusomea sheria ni muhimu?
Sheria ya madini, iliyorekebishwa mwaka 2018, inaipa mikoa asilimia 25 ya mrabaha wa madini, na mamlaka za mitaa penye machimbo asilimia 15. Kufuatilia fedha hizo kunahitaji wanasheria waliozaliwa Lualaba. Kuanguka mara moja kusimkatishe tamaa yeyote: ajiandikishe mapema, arudie.