Nyonga Kwanza: Mvuvi wa Kilombero Ndani ya Programu ya Katuni

Mvuvi aliyesimama kwenye mtumbwi katika Mto Kilombero hafanyi kazi kwa mikono peke yake. Hukita pondo chini ya maji, hulilalia, husukuma kwa miguu na mgongo, na mtumbwi huteleza mbele. Mchoraji hodari anaweza kumweka mvuvi huyo kwenye picha moja akapendeza. Ugumu huanza pale anapotakiwa kusogea kwenye skrini, kwa sababu mtazamaji aliyekulia Ifakara atajua mara moja kama mwili ule una uzito au hauna.

Katika programu ya katuni, mhusika ana sehemu mbili. Kuna umbo la nje, yaani ngozi, nguo na uso, na kuna kiunzi cha mifupa kilichofichwa ndani yake. Mifupa hiyo imepangwa kwa ukoo. Bega ni mzazi wa mkono, mkono ni mzazi wa kiganja, kiganja ni mzazi wa vidole. Ukizungusha bega, vyote hufuata. Ukikunja kidole, bega halitikisiki. Mfupa wa nyonga ndio mzazi wa mgongo na miguu, kwa hiyo ukiusogeza, mwili mzima unahama.

Ndiyo maana fundi mzoefu huanza na nyonga. Anayejifunza huvutwa na mikono, kwa kuwa ndiyo inayoshika pondo. Huipanga vizuri, kisha anagundua kwamba mvuvi amesimama wima kama nguzo, hasukumi chochote. Akisogeza nyonga kurekebisha, mikono yote inatoka mahali pake. Mpangilio unaookoa muda ni huu: nyonga, miguu, mgongo, kichwa, halafu mikono. Kila mkao una kipimo chake rahisi. Teremsha mstari wima kutoka kitovuni. Kwa mtu aliyesimama kwa utulivu, mstari huo huangukia kati ya nyayo zake. Mstari ukitoka nje ya nyayo, ama mtu anaanguka, ama kuna kitu kinachombeba. Kwa mvuvi wetu kitu hicho ni pondo, na mtazamaji lazima aone kwamba analiegemea kweli.

Pondo linaleta swali la pili: nani anamfuata nani? Kwa kawaida kiganja hufuata bega. Lakini pondo likishakitwa kwenye tope, halisogei. Mtumbwi na mwili ndivyo vinavyosogea. Hapo programu inakuruhusu kugeuza mambo. Unakifunga kiganja kwenye pondo, nayo kompyuta inakokotoa kiwiko na bega vikunjike kiasi gani ili kiganja kibaki palepale. Miguu hufungwa hivyohivyo kwenye sakafu ya mtumbwi. Mvuvi anapong'oa pondo, unafungua kifungo: sasa pondo linaufuata mkono. Fundi asipobadilisha kifungo kwenye fremu sahihi, kiganja kitateleza hewani na udanganyifu wote utavunjika.

Sasa tuje kwenye muda. Filamu kwa kawaida huonyesha picha 24 kwa sekunde, na kila picha ni fremu moja. Fundi hapangi mikao 24; anapanga michache iliyo muhimu, na programu inajaza katikati. Ujazaji huo usiposimamiwa huwa laini mno, na mwili huelea kama uko ndani ya maji.

Kutwanga mpunga kunaonyesha jambo hili waziwazi. Kitu kinachoanguka chenyewe kutoka sentimita 60 hutumia takriban theluthi moja ya sekunde, yaani fremu 8 hivi. Mchi unaosukumwa chini na mtwangaji hutumia chache zaidi. Kuupandisha huchukua muda mrefu kuliko kuushusha, na juu kabisa kuna kupumzika kidogo. Ukigawa fremu sawa kwa kupanda na kushuka, mchi utakuwa wa karatasi. Ukiangalia vizuri utaona pia kwamba magoti hulegea na mgongo huanza kuinama kabla mchi haujafika kinuni. Nguvu inatoka chini kwenda juu, mikono inaipokea mwisho.

Vifaa vipo. Programu ya Blender ni ya bure, na msimbo wake ulifunguliwa kwa umma mwaka 2002; filamu ya Flow kutoka Latvia, iliyotengenezwa kwa Blender, ilishinda Oscar mwaka 2025. Hapa nyumbani, Ubongo ya Dar es Salaam, iliyoanzishwa mwaka 2013, imethibitisha kwa Ubongo Kids na Akili and Me kwamba katuni zetu zinaweza kuwafundisha watoto kwa Kiswahili na kuvuka mipaka.

Kinachonitia wasiwasi ni maktaba za mienendo iliyo tayari. Zinasaidia, lakini zimejaa kukimbia, kupigana na kucheza dansi. Anayezitegemea atamvika mhusika kanga na kumpa jembe, halafu mwili wake utatembea kama wa mtu ambaye hajawahi kushika jembe. Mtoto wa Mang'ula au Mlimba atatambua nguo, asiutambue mwili.

Basi, kijana wa Ifakara unayejifunza kazi hii, omba ruhusa kwa mtwangaji au mvuvi, umrekodi kwa simu kutoka ubavuni, mwili mzima ukionekana. Fungua video hiyo fremu kwa fremu. Andika nyonga ziko wapi kabla ya kila pigo, uzito uko mguu upi, na fremu ngapi zinapita. Kisha ndipo ufungue programu, ukaanze na nyonga.