Miguu ya Wazee, Mikono ya Nyumbani

Ukiingia katika nyumba ya Wapemba baada ya sala ya Isha, si ajabu kumkuta mzee amenyoosha miguu mkekani, mjukuu yuko mbele yake anamchua nyayo. Hapo hakuna mgonjwa wala mganga. Mtoto huambiwa "nenda kamchue babu yako miguu" kama anavyoambiwa akateke maji. Lakini mzee akianza kulalamika kuwa nyayo zinamwaka moto usiku, vidole vinamchoma au vimekufa ganzi, kazi hiyo huwa imemzidi mjukuu, na mkandaji huitwa.

Mkandaji ni bibi wa mtaani, aghalabu yule yule anayewakanda wazazi katika arubaini zao. Hatangazi bei; hupewa chochote, fedha au kilo ya sukari. Huja na chupa yake ya mafuta ya nazi yaliyopikwa nyumbani, ndani yake zimelala karafuu zilizopondwa. Huipasha kidogo, akamimina kiganjani, akasema Bismillahi. Huanzia kidole gumba. Hubinya kwa dole lake chini ya kila kidole, akashuka polepole hadi kisiginoni, akarudi, akavivuta vidole kimoja kimoja. Huku akiuliza: "Hapa wasikia, baba? Na hapa?" Mzee akinyamaza, yeye hurudia pale pale.

Karafuu hazikuwekwa humo kwa ajili ya harufu tu. Pemba ndiko kwenye mikarafuu mingi zaidi Zanzibar, na karibu na Chake Chake kuna kiwanda kinachokamua mafuta kutokana na makonyo yake. Ndani ya mafuta hayo mna yujenoli, kitu kile kile ambacho madaktari wa meno wamekitumia miaka mingi kutuliza jino linalouma. Mafuta ya karafuu yenyewe ni makali, huunguza ngozi yakipakwa matupu. Ndiyo maana wanaojua huyatia matone machache tu katika nazi au ufuta. Pilipili, ambayo wengine huibandika mguuni, nayo ina ukweli wake. Ukali wake, kapsaisini, leo umo katika krimu na plasta wanazotoa madaktari kwa maumivu ya neva. Kuiponda jikoni na kuibandika mguuni ni jambo jingine. Nimeona ngozi iliyotoka malengelenge kwa hilo.

Wazee wenyewe husema ni baridi imeingia miguuni. Mvuvi ameshinda majini, mama amesimama miaka kwenye sakafu ya saruji, basi dawa ni kurudisha joto: chai ya tangawizi na mdalasini, jani la mbarika lililopashwa motoni, beseni la maji ya moto yenye chumvi. Fikra hiyo ya moto na baridi ni ya kale na inafanana na tiba ya Waarabu na Waajemi. Siidharau. Ila katika nyumba zetu za leo, mguu unaowaka usiku na kufa ganzi mchana mara nyingi una kisukari nyuma yake. Sukari iliyozidi katika damu huharibu kwanza neva zilizo ndefu kuliko zote, zile zinazofika vidoleni, na ndiyo sababu ganzi huanza miguu yote miwili kwa pamoja na kupanda taratibu.

Hapo ndipo beseni la maji ya moto linapogeuka hatari. Mguu usiosikia hauwezi kusema maji yamezidi. Mzee hukaa, hufurahi kwamba anahudumiwa, na ngozi inaungua. Wahenga walisema panya huuma na kupuliza; madaktari wa Dar es Salaam wamewahi kuandika juu ya wagonjwa wa kisukari walioumwa na panya miguuni wakiwa wamelala, wasijue hadi asubuhi. Ganzi haihitaji hata kupulizwa. Kwa hiyo maji na yapimwe na mwingine, kwa kiwiko, vile vile mama anavyoyapima ya kumkoshea mtoto mchanga, na yawe ya uvuguvugu. Jiwe la moto na chupa ya maji ya moto kitandani viachwe kabisa.

Kwangu mimi, dawa kubwa kuliko zote katika desturi hii ni ule mkono wenyewe. Kliniki ya kisukari humwambia mgonjwa atazame miguu yake kila siku, juu, chini na kati ya vidole. Mzee mwenye macho mazito na mgongo usiopinda atautazamaje unyayo wake? Mjukuu anayemchua ameshautazama. Ameuona mwiba, ufa wa kisigino, kidonda kidogo chini ya kidole. Mafuta ya nazi yanalainisha ngozi ambayo neva zikidhoofika hukauka kwa kukosa jasho, ufa ukafungua njia ya vijidudu. Ila yasipakwe kati ya vidole, maana unyevu pale huleta fangasi.

Sinia la chakula nalo lina sehemu yake. Vitamini B12, ambayo neva haziwezi kuikosa, imo katika samaki, dagaa, mayai, maini na maziwa; mchicha na muhogo havina. Anayetumia metformini kwa miaka anaweza kupungukiwa nayo, aiulizie hospitali. Anayemeza dawa za kifua kikuu akaanza kuchomwa miguuni asikae na tangawizi peke yake, aseme kliniki, kwani isoniazidi hupunguza vitamini B6 na kuna kidonge cha kuirudisha.

Wakandaji hodari wanajua mpaka wao. Bibi mmoja wa Wete alimshika mzee mguu, akaona wekundu umezunguka kidonda na mguu mmoja una joto kuliko wa pili, akafunika chupa yake pale pale. "Huu sikandi," alimwambia binti wa nyumba. "Mpelekeni hospitali leo leo, msingoje kesho." Walitaka kumpa chochote kwa kuja kwake, akakataa, akawahimiza watafute gari.