Mitala na VVU: Idadi ya Wake Inatuambia Kidogo

Tangu wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walipogunduliwa mkoani Kagera mwaka 1983, ndoa ya wake wengi imeshitakiwa na kutetewa kwa hesabu ileile. Wanaoishitaki husema mume mwenye wake watatu ana wenza watatu, basi hatari nayo ni mara tatu. Wanaoitetea husema mwenye wake watatu hana haja ya kutoka nje, basi mitala ni kinga. Pande zote mbili huhesabu wake na kuishia hapo. Ushahidi uliokusanywa kwa miongo mitatu unaonyesha kuwa hesabu hiyo ni kipimo dhaifu sana. Linaloamua ni jinsi watu wa nyumba hiyo wanavyounganika na watu wa nje, na hali ya kiafya ya kila anayeingia. Jambo lenyewe linagusa watu wengi: uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015-16 ulikuta karibu asilimia 18 ya wanawake walioolewa Tanzania wana mke mwenza. Wanastahili kuelezwa yaliyopimwa, maana mahubiri wameyasikia ya kutosha.

Tuanze na ramani ya Afrika. Katika Burkina Faso, Mali, Niger na Guinea mitala ni jambo la kawaida kabisa, na maambukizi ya VVU kwa watu wazima yako karibu na asilimia 1. Huko kusini, Lesotho, Botswana na Afrika Kusini, ambako wanawake wenye wake wenza ni wachache, maambukizi yamekuwa miongoni mwa makubwa zaidi duniani. Lesotho imewahi kufikia zaidi ya mtu mzima mmoja kati ya watano. Mwaka 2010 watafiti Georges Reniers na Susan Watkins walilinganisha takwimu za nchi za Afrika kusini mwa Sahara na kukuta mwelekeo huohuo: mitala ikienea, VVU hupungua. Walipoingia ndani ya nchi mojamoja na kulinganisha maeneo yake, mwelekeo haukupotea. Kama kuwa na wake wengi peke yake kungekuwa injini ya janga hili, ramani ingepinduka, na Sahel ndiyo ingekuwa kitovu chake.

Hata hivyo ramani haithibitishi kwamba mitala hulinda. Mataifa ya Sahel yana jambo jingine zito: karibu wanaume wote wametahiriwa. Majaribio matatu makubwa yaliyofanyika Orange Farm nchini Afrika Kusini, Kisumu nchini Kenya na Rakai nchini Uganda, na kutangazwa kati ya 2005 na 2007, yalionyesha kuwa tohara hupunguza uwezekano wa mwanamume kuambukizwa na mwanamke kwa kiasi cha asilimia 50 hadi 60. Hata Tanzania tunaliona hilo. Zanzibar, ambako tohara ni ya wote na mitala inaruhusiwa na dini na desturi, maambukizi hayafiki asilimia 1. Njombe, ambako kijadi wanaume wengi hawakutahiriwa, yamezidi asilimia 11. Atakayesema tofauti hiyo imeletwa na mitala atakuwa ameruka tohara, pombe, barabara kuu na vibarua wa mashamba ya chai na miti. Mimi nauchukulia ushahidi wa ramani hivi: unatosha kuivunja hoja ya washitaki, lakini hautoshi kuijenga ya watetezi.

Maelezo yenye nguvu zaidi yako kwenye mtandao wa mahusiano. Mwaka 1997 Martina Morris na Mirjam Kretzschmar walionyesha kwa hesabu za kompyuta kwamba mahusiano yanayokwenda kwa wakati mmoja husambaza virusi kwa kasi kubwa kuliko mahusiano yanayofuatana, hata kama idadi ya wapenzi ni ileile. Sababu moja ni ya kibaiolojia. Utafiti wa Rakai uliochapishwa mwaka 2005 ulikuta kuwa katika takriban miezi miwili na nusu baada ya mtu kuambukizwa, tendo moja lina uwezekano wa kuambukiza wa karibu 8 kwa 1,000. Baadaye, kwa miaka mingi, hushuka hadi karibu 1 kwa 1,000. Mwenye wapenzi wawili katika wiki hizo za mwanzo hakipi kirusi chake muda wa kupoa kabla ya kukipeleka kwingine.

Wengi waliusoma utafiti wa Morris na Kretzschmar wakahitimisha kwamba mitala, ambayo ni mahusiano ya wakati mmoja yenye cheti, ndiyo mbaya kuliko yote. Hapo walikosea, na kosa linaonekana kwa kalamu na karatasi. Chora wanaume wawili, kila mmoja na wake watatu waaminifu. Umepata mahusiano sita. Kirusi kikiingia nyumba moja kinaweza kuwafikia watu wanne, basi. Hakuna mke wa kukipeleka nyumba ya pili. Sasa chora mahusiano sita kwa namna nyingine: mwanamume ana mpenzi, mpenzi huyo ana mwanamume wa pili, naye ana mwanamke wa pili, hivyo hivyo hadi mtu wa saba. Hakuna aliyezidi wapenzi wawili, lakini kirusi kina njia ya kuwafikia wote saba, na mnyororo unaweza kuendelea hadi kijiji cha jirani. Mchoro wa pili haukubuniwa mezani. Katika kisiwa cha Likoma, ziwani Malawi, Stéphane Helleringer na Hans-Peter Kohler waliwauliza vijana majina ya wapenzi wao wa karibuni, wakaunganisha majibu, na kukuta karibu nusu ya vijana wa kisiwa wameungana katika mtandao mmoja mkubwa, ingawa wengi wao walitaja wapenzi wachache tu.

Uganda ilielewa hili kabla ya wanahesabu. Kampeni iliyoanza chini ya Rais Museveni mwaka 1986 ilichukua kaulimbiu yake kwa wafugaji: ng'ombe alishwe zizini, asizurure. Haikumtaka mwenye wake wawili amwache mmoja. Ilimtaka abaki na hao hao. Maambukizi nchini humo yalishuka kutoka karibu asilimia 15 mwanzoni mwa miaka ya 1990 hadi karibu asilimia 6 muongo mmoja baadaye. Vifo vilichangia mshuko huo, na hilo lisifichwe, lakini ujumbe uliwafikia watu kwa sababu ulizungumza na nyumba zao kama zilivyo.

Wapo watakaouliza: ni nani aliyesema zizi lina mlango uliofungwa? Swali hili ni zito, na ndilo linalowashinda watetezi wa mitala. Mwanamume mmoja akioa watatu, kuna wanaume wengine wanaosubiri. Kwa kawaida ni vijana, kwa kuwa mitala hutegemea wazee kuoa mabinti, na kusubiri kwao hakumaanishi kujizuia. Wengine hununua ngono mjini, wengine huwa siri ya mke mdogo ambaye zamu yake inachelewa. Mume naye anaweza kuwa na wake watatu na nyumba ndogo juu yake. Hoja ya mtandao inasimama pale tu wanawake wanapokuwa na mume mmoja na mume anapokoma kwa wake zake. Lakini tazama tulipofika: tunajadili nani anatoka nje, swali linalomhusu sawasawa mwenye mke mmoja mwenye mchepuko. Utafiti uliofuatilia wanawake zaidi ya 7,000 huko KwaZulu-Natal na kuchapishwa mwaka 2011 haukuona kwamba wanawake waliambukizwa zaidi pale ambapo wanaume wengi walikuwa na wapenzi wa wakati mmoja. Kilichoongeza maambukizi ni jumla ya wapenzi ambao wanaume wa eneo hilo wamewahi kuwa nao maishani. Mwanamume aliyeoa mara nne na kuacha mara tatu huandikwa kwenye dodoso kuwa ana mke mmoja.

Pingamizi gumu zaidi ni hili: ukiacha ramani na kupima mtu mmojammoja, walio kwenye mitala mara nyingi wana VVU kwa kiwango kikubwa kuliko walio kwenye ndoa ya mke mmoja. Reniers na Rania Tfaily walilikuta hilo Malawi, na baadaye katika nchi nyingine, hasa kwa wake wadogo. Sehemu kubwa ya maelezo iko kabla ya harusi. Mwanamke aliyefiwa na mume kwa UKIMWI, au aliyeachika baada ya mume kuugua, ana watoto na hana shamba. Si rahisi kuolewa na kijana asiye na mke. Mlango uliobaki wazi ni uke wenza. Anaingia akiwa tayari na virusi, pengine bila kujua, na takwimu zinaiandika ndoa mpya kana kwamba ndiyo iliyomwambukiza. Kwa kijiji kizima hali hii inaweza hata kupunguza maambukizi, kwa kuwa virusi vimefungiwa nyumba moja badala ya kuzunguka. Hapo ndipo ninapokataa kufurahia takwimu. Nafuu ya kijiji inalipwa na bi mkubwa, ambaye hakutoka nje, hakuulizwa, na uaminifu wake wa miaka ishirini haumkingi na chochote.

Kwa hiyo siku ya kuangaliwa ni siku ya kuongeza mke. Dawa za kufubaza virusi zimebadilisha maana ya kupima: utafiti wa jozi 1,763 za wenza, uliofanyika pia Kenya na Malawi, ulionyesha mwaka 2011 kuwa matibabu ya mapema hupunguza maambukizi kwa mwenza kwa asilimia 96. Mjane mwenye VVU anayetumia dawa vizuri, virusi vikashuka hadi visionekane kwenye kipimo, anaweza kuolewa uke wenza bila kumwambukiza mtu. Ila kliniki ya wajawazito humwalika mama aje na mwenza wake, mmoja, na mke wa pili abaki nyumbani bila kuitwa. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 inamruhusu mke kuweka pingamizi ikiwa mwanamke anayetaka kuolewa ana ugonjwa wa kuambukiza. Kipengele hicho kinamnyooshea kidole mgeni peke yake na kumwacha mume, ambaye ndiye kiungo cha wote. Kenya nako, wabunge wanaume waliondoa sharti la idhini ya mke wa kwanza kabla ya Sheria ya Ndoa ya 2014 kupita. Ushauri nasaha na upimaji wa hiari wa nyumba nzima, mume akiwa wa kwanza kukaa kwenye kiti, ungempa bi mkubwa kitu ambacho sheria zote mbili zimemnyima: kujua kabla, na nafasi ya kuamua.