Acheni kuuliza mkoa umekuwa wa ngapi

Kila matokeo ya darasa la saba yakitoka naulizwa lile lile: "Mkoa wetu umekuwa wa ngapi?" Wanauliza wazazi, wanauliza madiwani, wanauliza waandishi wa habari. Kabla sijajibu linakuja la pili: "Sasa Afisa Elimu Mkoa anasubiri nini kuwavua madaraka walimu wakuu wa shule za mkiani?" Nimelijibu kwa upole miaka mingi, na upole haujasaidia. Swali la kwanza halina maana. La pili linaumiza watoto.

Tanzania Bara ina mikoa 26. Hata watoto wote wakifanya vizuri zaidi mwakani, mkoa wa 26 utakuwepo, na kiongozi wake ataitwa ajieleze. Nafasi inakwambia umempita nani, haikwambii mtoto amejua nini. Isitoshe, ufaulu wa mkoa unachanganya shule za serikali na shule binafsi za kulipia. Mkoa wenye shule binafsi nyingi unapanda kwenye orodha bila kuongeza mwalimu hata mmoja katika shule ya kijiji.

Sasa swali la pili, ile dawa ya kuzipanga shule kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho na kuwabana walio chini. Tumeshainywa. Mwaka 2013, chini ya mpango wa Matokeo Makubwa Sasa, shule zetu zilianza kupangwa na kutangazwa kwa nafasi, kitaifa na ndani ya kila wilaya. Watafiti Jacobus Cilliers, Isaac Mbiti na Andrew Zeitlin wakachunguza kilichotokea, na utafiti wao ukachapishwa mwaka 2021. Shule zilizokuwa mkiani mwa wilaya zao zilipandisha ufaulu. Wapenzi wa orodha huishia kusoma hapo. Waendelee: shule hizo hizo zilipunguza idadi ya watoto waliofika kwenye chumba cha mtihani. Watoto waliondolewa darasa la mwisho, na kwa dalili zote waliondoka shuleni kabisa.

Hesabu yake ni nyepesi. Chukua shule ya mfano yenye watahiniwa 100, wakafaulu 60. Ufaulu ni asilimia 60. Mwaka unaofuata waondoe 20 ambao mwalimu anajua hawatafaulu. Wanabaki 80, wanafaulu 60 vile vile, na ufaulu sasa ni asilimia 75. Hakuna aliyefundishwa herufi moja zaidi, ila shule imepanda, wilaya imepanda, na mwalimu mkuu anapigiwa makofi kikaoni.

Na hawa 20 hawaondolewi kwa kelele. Mzazi anaitwa ofisini, anaambiwa kijana bado hajawa tayari, arudie darasa. Kwa sekondari anashauriwa afanye mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea. Mwingine anazidi kuandikwa mtoro na hakuna anayekwenda kumfuata nyumbani. Mara nyingi ni mtoto wa mzazi asiyejua kwamba anaweza kukataa. Kwa kuwa ufaulu huhesabiwa kwa waliofanya mtihani, asiyefanya haonekani popote. Mdondoko wake hausomwi kikaoni.

Januari 2023 Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule kumi bora na wanafunzi kumi bora. Lilifanya sahihi. Huku chini, hata hivyo, bado nakaa vikao ambavyo orodha inasomwa kuanzia juu na walimu wakuu wa mwisho wanasimamishwa mbele za watu. Wengine wanashushwa vyeo. Anayeletwa badala yao anakuta walimu wale wale wachache, darasa la kwanza lile lile lililofurika, na somo moja tu alilojifunza kwa mwenzake: usiwe wa mwisho. Ukimtisha mtu kwa takwimu, atakuletea takwimu.

Mkoa wenyewe una nguvu gani? Sera, mitaala na uthibiti ubora wa shule viko Wizara ya Elimu. Shule za serikali zinaendeshwa na halmashauri chini ya TAMISEMI. Sekondari nazo zilikabidhiwa halmashauri mwaka 2009. Ajira, maadili na nidhamu ya walimu vina tume yake. Mkoa unasimamia, unashauri, unaratibu, na unaweza kuhamisha walimu kati ya halmashauri zake. Nguvu hiyo ya mwisho ni kubwa kuliko orodha zote, nayo ndiyo hatuiulizii.

Ufuatiliaji nao tumeugeuza kazi ya kusaini. Gari linafika saa nne, afisa anasaini kitabu cha wageni, anakagua azimio la kazi na andalio la somo, anasisitiza ufaulu, anaondoka. Darasa la pili, hatua chache kutoka ofisini, kuna mtoto ambaye hawezi kusoma "baba analima". Huyo ndiye atakayeitwa "hajawa tayari" baada ya miaka mitano. Dakika kumi za kumsikiliza akisoma zina thamani kubwa kuliko ukurasa mzima wa saini.

Basi haya ndiyo ya kudai, na hayahitaji sheria mpya. Kwenye Kamati ya Ushauri ya Mkoa, dai ikama ya walimu shule kwa shule na msawazo wa walimu kutoka mijini kwenda vijijini, posho ya uhamisho ikiwa imetengwa kabla ya barua kutoka. Walimu hodari wapewe darasa la kwanza na la pili. Ripoti ya wathibiti ubora isomwe kwenye kamati ya shule, kila pendekezo na mtu wake na tarehe yake. Ruzuku, shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka na 25,000 kwa wa sekondari, ibandikwe kwenye ubao wa matangazo: imeingia lini, imetumikaje. Afisa Elimu Kata apimwe kwa madarasa aliyoingia.

Na ukitaka namba moja tu, mwombe mwalimu mkuu daftari la waliosajiliwa darasa la kwanza miaka sita kabla ya mtihani. Toa waliohama kwa barua na waliofariki, ongeza waliohamia, kisha linganisha na waliofanya mtihani. Pengo hilo lifikishwe halmashauri na mkoani kwa maandishi, majina yakiwemo, na kwa kila jina maafisa wao wajibu mtoto yuko wapi. Afisa anayeweza kujibu hivyo anasimamia shule, hata mkoa wake ukiwa wa 26.