Garanti ya pikipiki mpya: siku zinaanza kuhesabiwa lini?

Wakaaji wengi wa Butembo, Beni, Bunia ao Uvira wananunua pikipiki mpya kisha kuchunga pesa kwa muda mrefu, ao kisha kupata zamu yao katika likirimba. Siku ya kununua, muuzishaji anasema: "Iko na garanti, usiogope." Mnunuzi anaweka fakture mfukoni na kuenda. Miezi inapita, moteri inaanza kutoa moshi, anarudisha pikipiki magazini. Hapo anaambiwa kama garanti ilikwisha zamani.

Mara nyingi hakuna mwenye kusema uongo kati yao wawili. Mnunuzi anahesabu tangu siku alipopata plake. Muuzishaji anahesabu tangu siku pikipiki ilipotoka mlangoni kwake. Kila mmoja iko na tarehe yake, na palabre inaanzia hapo.

Garanti ni ahadi gani?

Garanti ni ahadi ya fabrike, ao ya muuzishaji mwenyewe, kwamba ikiwa kitu kinaharibika juu ya kosa la kutengeneza, watakitengeneza ao watakibadilisha bila mnunuzi kulipa. Si asiranse. Pikipiki ikigongwa, ikiibiwa ao ikianguka mtoni, garanti haiingii mule. Vitu vinavyolika kwa kazi ya kila siku, kama vile mipira ya magurudumu, fre, buji na shene, mara nyingi haviko ndani.

Ahadi hiyo iko na mwanzo na mwisho. Watu wanauliza sana juu ya mwisho: miezi sita, mwaka moja, miaka mitatu? Lakini pesa nyingi inapotea juu ya mwanzo.

Tarehe tano, moja tu ndiyo ya kweli

Pikipiki mpya iko na tarehe nyingi. Kuna siku ilitengenezwa fabrike, India ao China. Kuna siku iliingia inchini, kwa mfano kwa mpaka wa Kasindi kisha kutoka bandari ya Mombasa. Kuna siku ya fakture, mnunuzi alipolipa. Kuna siku aliipokea mkononi. Na kuna siku alipata plake na karatasi zote.

Kwa kawaida, garanti inaanza siku mnunuzi wa kwanza anapopokea chombo mkononi. Muda pikipiki ilioupitisha ndani ya kartoni, katika meli ao katika depo, hauhesabiwi juu yake. Tena, kuchelewa kwa plake hakusukumi garanti mbele. Mtu akipokea pikipiki mwezi wa tatu na kupata plake mwezi wa sita, miezi mitatu imekwisha kuliwa.

Watengenezaji wa magari wanahesabu vilevile. Katika kitabu cha garanti cha Toyota kwa magari yanayouzishwa Marekani, garanti inaanza siku ya kwanza gari linapopewa mnunuzi, ao linapokodishwa kwa mkataba, ao linapoanza kutumiwa kama gari la kampuni ao la kuonyesha wateja. Kile kinachotangulia ndicho kinaanzisha hesabu. Garanti yao ya msingi ni miaka 3 ao maili 36,000, ni kusema karibu kilometa 58,000. Kila inchi iko na kitabu chake na hesabu zake, lakini njia ya kuhesabu inafanana.

Pale watu wanapopoteza

Wa kwanza ni yule anayelipa pole pole. Analipa nusu, pikipiki inabaki magazini, anamaliza deni kisha miezi miwili. Kama fakture iliandikwa siku ya malipo ya kwanza, na hakuna karatasi nyingine inayoonyesha siku ya kupokea, muuzishaji anaweza kuhesabu tangu fakture. Miezi miwili inaenda bure.

Wa pili ni mzazi anayenunua mapema. Anapata bei nzuri mwezi wa kwanza, anaweka pikipiki sebuleni akingojea mtoto amalize masomo mwezi wa saba. Kwa mtoto, pikipiki ni mpya kabisa. Kwa kitabu cha garanti, iko na miezi sita.

Wa tatu ni yule anayenunua pikipiki ambayo mwenye magazini ao wafanyakazi wake walikuwa wanaendesha. Inaonekana mpya, bei inapunguzwa kidogo. Lakini kama kompteri inaonyesha kilometa mia kadhaa, kazi yake ilikwisha kuanza, na pengine garanti pia.

Wa ine ni mnunuzi wa pili. Mtu akinunua pikipiki ya miezi mitano kwa jirani, garanti haizaliwi upya. Anaweza kupata tu miezi iliyobaki, kama kitabu kinaruhusu garanti kumfuata mwenye mpya. Hata piyesi iliyobadilishwa chini ya garanti, mara nyingi inapata tu muda uliobaki wa garanti ya kwanza.

Motari anashindana na kilometa

Garanti nyingi zinahesabu vitu viwili pamoja: miezi na kilometa. Kimoja kikifika, garanti imekwisha. Kwa mwalimu anayeenda tu kazini na kurudi, miezi ndiyo inatangulia. Kwa motari, ni kilometa.

Mfano: garanti ni miezi 12 ao kilometa 12,000. Motari anafanya kilometa 120 kwa siku, siku 26 kwa mwezi. Ni kilometa 3,120 kila mwezi. Mbele ya mwezi wa ine kuisha, kilometa 12,000 zimetimia. Yeye anaamini bado iko na miezi minane, na huku tayari anatembea bila garanti. Kama ni pikipiki ya verseman, bosi naye anaamini hivyo. Siku moteri inakufa, wote wawili wanashangaa, na anayeulizwa pesa ni motari.

Tena vitabu vingi vinaweka sharti mbili: vidanji na revizyo za kwanza zifanywe kwa wakati, na ziandikwe. Vingine vinapunguza ao vinakataa garanti kwa chombo cha taxi. Heri kuuliza jambo hilo mbele ya kulipa.

Ni garanti ya nani?

Kwa pikipiki nyingi zinazofungwa hapa hapa kutoka kartoni, anayeziuzisha si kila mara mjumbe anayekubaliwa na fabrike. Akisema "garanti", pengine ni neno lake mwenyewe. Neno hilo linaweza kuwa zuri, lakini bila maandishi halina mwanzo wala mwisho.

Vilevile kwa anayenunua Kampala ao Kigali. Kongo iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, lakini hilo halilazimishi muuzishaji wa Beni kutengeneza bure pikipiki iliyonunuliwa Uganda. Mnunuzi anapaswa kuuliza: garanti hii inafanya kazi katika inchi gani, na kwa garaje gani?

Na kama hakuna garanti hata kidogo? Sheria ya Kongo juu ya mikataba, ya tarehe 30 Julai 1888, inamwajibisha muuzishaji juu ya kasoro iliyofichama inayofanya kitu kisifae kwa kazi yake. Lakini inamuomba mnunuzi adai bila kukawia. Anayengojea miezi mingi, huku akiendelea kutembesha pikipiki iliyo na ugonjwa, anajidhoofishia haki yake. Tena ni yeye anapaswa kuonyesha kama kasoro ilikuwamo tangu mwanzo. Ni kazi ngumu kuliko kuonyesha kitabu chenye tarehe.

Siku ya kupokea, dakika kumi tu

Mbele ya kuwasha moteri na kuenda, mnunuzi afanye mambo haya:

Aandikishe siku ya kupokea, si ya malipo tu, juu ya fakture ao kitabu cha garanti, na maneno "garanti inaanza tarehe hii".

Aandikishe kilometa zilizo kwenye kompteri siku hiyo.

Alinganishe namba ya shasi iliyo kwenye pikipiki na ile iliyo kwenye karatasi. Herufi moja ikikosewa, garanti inaweza kukataliwa.

Aandikishe mwisho: miezi ngapi, kilometa ngapi, na vitu gani haviko ndani.

Aombe sinyature na kashe ya muuzishaji, kisha apige karatasi yote picha na telefone. Wino wa fakture unafutika kwa jasho na mvua, picha inabaki.

Kwa pikipiki ya verseman, bosi na motari waisome karatasi hiyo pamoja, na kila mmoja abaki na kopi. Motari anajua kilometa, bosi anajua tarehe. Kasoro ikionekana, hata ndogo, ipelekwe magazini siku hiyo hiyo na iandikwe. Pikipiki iliyoletwa garanti ikingali hai, na ikaandikwa, haiwezi kuambiwa kesho kwamba ilichelewa.